Ukimya wa Nyumba ya Houda

Buyenzi, Bujumbura
28 Januari 2024

Kwako Dada Houda,

Assalamu alaykum. Hapa tumeamka wote, na kila mmoja na lake. Mgongo wa Mama umepoa tangu aache kubeba ndoo mwenyewe; anakusalimu na anauliza unakula nini huko. Mjomba Chabani anakohoa, na ukimwambia anakohoa anakataa. Jirani yetu Amissi bado ananyoosha mabati ya magari ubavuni mwa ukuta wetu, na kila gari analolitengeneza linarudi. Barua hii anakuletea Ilyasi wa boti ya kubeba saruji. Mpe maji ya kunywa, ana aibu ya kuomba.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Mtu mzima anafutaje WhatsApp? Nilikutumia ujumbe ukabaki na alama moja. Nikatuma tena, alama moja. Nikadhani simu imeibiwa sokoni, mpaka Mwalimu Hugues alipotangaza mbele ya darasa letu zima la forodha la mtandaoni: "Angalieni Houda, amefuta mitandao yote ili asome," kama vile umerudi kutoka Makka. Mimi mdogo wako nazisikia habari zako kwa mwalimu, pamoja na watu wa Gitega nisiowajua hata sura. Ndiyo maana nimekaa na kalamu kama watu wa zamani.

Na ile nukta ya kijani! Kila nikifungua ukurasa wa chuo, kando ya jina lako pana nukta ya kijani, maana yake umo ndani unasoma. Nikifungua asubuhi, umo. Nikifungua baada ya adhuhuri, umo. Juzi umeme ulirudi ghafla, nikasema leo nimemwahi, nikakimbilia simu. Umo. Hata saa imekupendelea wewe, kwenu iko mbele ya yetu.

Nina wivu, sifichi. Mjomba aliposema macho yake yamechoka na makaratasi ya bandarini, na kwamba kiti chake cha uwakala wa forodha atampa yule kati yetu atakayemaliza kozi hii na alama za juu, nilisema moyoni kiti hicho ni changu. Ni mimi ninayempelekea kahawa. Ni mimi ninayejua mteja yupi ana maneno matamu na hatii sahihi. Wewe umeolewa, una nyumba yako Ujiji, una shemeji Moubarak na biashara yake ya mawese, una chumba chenye mlango. Unakitakia nini kiti cha bandarini Bujumbura?

Hilo si lazima ujibu. Nijibu hili: unasomaje? Mwalimu anataka kila mmoja aandike mpango wake wa kujisomea, yaani lengo lake, mahali, saa, na namna atakavyojipima, kwa sababu anasema mtandaoni hakuna wa kukupigia kengele. Mimi sina mpango. Mimi nina kelele. Nitumie wako niuone.

Mdogo wako,
Soumaya


Ujiji, Kigoma
14 Februari 2024

Mdogo wangu Soumaya,

Waalaykum salaam. Ilyasi amefika, amekunywa maji na chai pia. Mimi mzima. Shemeji yako Moubarak yuko Kalemie kufuata mawese, angekuwepo angekusalimu. Mwambie Mama ninakula. Mwambie Mjomba tangawizi haiumi.

Najua barua hii unaisoma kwa sauti kama barua zote za nyumba yetu, Mama kwenye mkeka, Mjomba kwenye kiti cha plastiki, na Amissi mlangoni na spana mkononi. Basi nawasalimu wote, Amissi pia.

Umeuliza ninavyosoma. Hakuna dawa. Kabla sijafungua somo najiuliza: leo nataka kutoka na nini? Si "nitasoma forodha", hilo ni kubwa mno, halishikiki. Nasema, leo nataka kujua mzigo unaopita Burundi kwenda Kongo unalipiwa nini na haulipiwi nini. Nikishasoma nafunga kila kitu na kuandika kwa kichwa. Nilichokumbuka sikigusi tena. Nilichokosa ndicho ninachoanza nacho kesho, hata kama kinaniudhi, hasa kikiniudhi. Nikikwama mara mbili mahali pamoja namwandikia mwalimu, sioni haya. Na simu yangu haina kitu cha kuniita pembeni.

Nyumba ni tulivu, hilo ni kweli. Nasoma katika chumba cha Moubarak akiwa safarini, dirisha linatazama upande wa gulio.

Mpango wangu nimeunakili kwenye karatasi ya pili. Uuone tu, usiuvae. Umekatwa kwa kipimo changu.

Kuhusu kiti, mitihani ndiyo itasema.

Dada yako,
Houda


Buyenzi, Bujumbura
3 Machi 2024

Kwa Dada Houda, mwanafunzi bora wa Maziwa Makuu yote,

Salamu kwa shemeji, kama amerudi. Mama mzima. Mjomba ameanza kunywa tangawizi na kukohoa zaidi. Anasema ni makosa yako. Mimi siko mzima, na nitakwambia kwa nini, na ole wako ucheke.

Siku ya mwisho ya kutuma mpango nilikuwa ofisini kwa Mjomba. Yeye ananiita nimtafutie risiti, mteja anagonga meza, na umeme unapepesa unataka kwenda. Nikachukua karatasi yako ya pili, nikaandika chapuchapu kama ilivyo, nikabadilisha jina tu juu, nikatuma. Nikapumua.

Jumatano tuko darasani mtandaoni, kamera zimewashwa. Mwalimu Hugues anasema atasoma mpango mmoja kama mfano. Nikasikia jina langu, nikatengeneza kitambaa kichwani. Akasoma: "Mume wangu akiwa safarini, nitasomea chumbani kwake, dirisha linalotazama gulio la Ujiji. Baada ya adhana ya msikiti wa jirani nitajipima." Akavua miwani. Akasema, "Mademoiselle Soumaya, félicitations, hongera. Uliolewa lini? Na uko Ujiji tangu lini?"

Houda, walicheka mpaka simu yangu ikakwama. Tangu siku ile watu wa Gitega wananiita Madame. Nilikuchukia tangu Jumatano mpaka Ijumaa, halafu nikakumbuka uliandika "usiuvae", nikakuchukia zaidi.

Lakini sikukata tamaa. Nikasema kama siri ya Houda ni ukimya, na mimi nitautengeneza ukimya. Nimekihama chumba cha mbele, nimekwenda kwenye kile cha nyuma kilichokuwa chako, nimeweka pazia zito na kitasa. Mama nimemkataza kuniita nikiwa ndani. Zamani nilikuwa namweleza masomo huku anakaanga visamaki vya ndagala, naye anauliza na kubisha kama mteja. Nimeacha, naona ni utoto. Amissi nimemwendea na kumwomba apunguze kugonga. Akanitazama kama mgonjwa.

"Sasa unataka mi nigonge bati na muto ya kulalia? We Soumaya, kazi yangu iko kelele. Nikinyamaza, watoto wangu watakula nini?"

Hata hivyo nimeziba masikio kwa pamba. Nitakupata tu.

Soumaya (Madame)


Ujiji, Kigoma
24 Machi 2024

Mdogo wangu,

Ramadhani karim kwenu nyote. Mimi ninafunga vizuri. Futari yangu ni uji, tende na chochote kilichopo, sipiki sana.

Nimecheka kuhusu Madame. Samahani, nimecheka peke yangu kwa sauti, nikashtuka.

Usimkataze Mama kukuita. Sina zaidi ya hilo la kusema, ila nalisema kwa uzito. Na hicho chumba cha nyuma kina unyevu, utaugua kifua.

Nikumbuke kwenye futari ya kwenu. Mwezi kama huu Mama alikuwa akinipa ile sambusa ya pembeni iliyoungua kidogo, kwa sababu anajua naipenda. Sasa anaila nani?

Houda


Buyenzi, Bujumbura
16 Aprili 2024

Dada Houda,

Idd yetu ilikuwa nzuri, nashukuru. Mama alipika pilau la kulisha mtaa. Sambusa iliyoungua anaila Amissi. Barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu anayelipia kila neno, na salamu za shemeji hazikuwemo. Mmegombana au kawa tajiri hasalimii tena?

Matokeo ya mtihani wa kati umeyaona, kwa sababu wewe ndiye uliye juu kabisa na mimi niko kule chini ambako mtu anashuka kwa kidole mpaka anajikuta. Nimeanguka, Houda. Somo lilelile la mizigo ya kupita, ambalo mwezi wa kwanza nilikuwa nalijua vizuri! Nimekaa kwenye chumba chako kimya na pamba masikioni, nikaweka lengo, nikafunga daftari, nikajipima, kila kitu kama wewe. Nilichokuwa nasikia mle ndani ni moyo wangu unauliza Houda amefika ukurasa gani.

Juzi Mama alinikuta jikoni, akaniuliza, "Na ule bwana wa ngano, kontena yake ilitoka ao apana? Ulianza kunielezea, ukaniacha njiani." Ni mfano wa kitabuni ule, tangu mwezi wa pili. Nikamjibu kwa hasira kwamba sijui. Na kweli sikujua.

Mjomba alikunja karatasi ya matokeo akaitia mfukoni, halafu akaniambia nikuandikie pongezi. Pongezi basi, kutoka kwa Mjomba. Zangu bado.

Nikwambie ninachokiona? Mungu amekugawia fungu lote. Mume asiyekusumbua, anasafiri na kukuachia nyumba. Chumba. Akili. Na sasa kiti. Wewe ukitaka kukaa kimya unakaa. Mimi nikitaka kukaa kimya lazima nigombane na fundi wa magari. Kama ningepewa hiyo nyumba yako mwezi mmoja tu, ungeniona.

Nilimwuliza Ilyasi nyumba yako ikoje. Akatazama maji. "Iko safi," akasema. Nikamwuliza shemeji yuko? Akasema, "Mi nabebaka barua, Soumaya. Maneno ingine sibebake." Hata Ilyasi siku hizi ana maringo ya Ujiji.

Soumaya


Buyenzi, Bujumbura
5 Mei 2024

Dada Houda,

Boti ya Ilyasi imekuja na kuondoka, hakuna barua. Kisha mafuta yalikosekana, boti zikalala bandarini, nikakusamehe. Sasa zimetembea tena na hakuna barua.

Kama ni yale niliyoandika kuhusu fungu, niliyaandika nimeumia. Siyafuti, lakini nilikuwa nimeumia.

Na kitu kingine. Wiki hii nukta yako haiwaki. Nimefungua ukurasa mara nyingi kuliko ninavyosoma. Nilidhani nitafurahi.

Mama anauliza unakula nini.

Soumaya


Ujiji, Kigoma
26 Mei 2024

Soumaya,

Acha kusoma kwa sauti. Hii usiwasomee. Nenda ndani, funga mlango, halafu uendelee.

Umefunga?

Moubarak ameoa Kalemie. Ni tangu mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Sheria inamruhusu, sibishani na sheria. Nabishana na zamu. Mwanzoni alikaa huku wiki mbili, kule wiki mbili. Kisha huku siku chache. Tangu Ramadhani anapita kuchukua mapipa matupu na kuniuliza kama kuna shida, akiwa amesimama mlangoni na viatu miguuni.

Ulitaka kujua mtu mzima anafutaje WhatsApp. Siku moja alinipeleka dukani akasema nimchagulie kitenge kizuri, cha bei yoyote. Nikachagua kile cha samawati chenye ndege. Nilidhani ni changu, nikaanza kufikiria mshono. Baada ya juma moja nikafungua status yake. Mwanamke amekaa kwenye kochi nisilolijua, amevaa ndege wangu, anacheka. Chini yake ameandika mashallah.

Nilifuta siku hiyohiyo. Chuo kilikuwa bado hakijaanza. Mwalimu aliponiuliza kwa nini simo kwenye kundi la darasa, nilijibu kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni, kwamba nimefuta ili nisome. Akasifu. Ningemwambia nini? Basi nikawa mwanafunzi anayesoma asubuhi na adhuhuri na jioni, kwa sababu nikifunga simu nasikia nyumba.

Ukimya huo unaouonea wivu ndio huu.

Na mimi nakuonea wivu wewe, ujue leo. Nakuonea kwa Mama anayekuita ukiwa chumbani. Kwa Amissi na bati lake. Barua zako nazisoma kwa sauti, nikifika pale Amissi anaposema nageuza sauti yangu iwe ya Amissi. Ulipoandika umemkataza Mama kukuita, nilitaka kupanda boti nije nikuchape.

Uliuliza kiti nakitakia nini. Nakitakia kurudi. Sitaki kurudi Buyenzi na begi la mwanamke aliyeachwa, watu wa mtaa wakanitolea macho ya huruma na Mama akaanza kushika mgongo. Nataka kurudi kwa sababu nina kazi bandarini. Ni hilo tu.

Sasa hata hilo linaponyoka. Unajua mtihani wa mwisho nusu yake ni wa mdomo: mbele ya kamera, mwalimu anajifanya mteja ambaye mzigo wake umekwama, nawe umweleze na kumtuliza. Wiki ile nukta yangu ilipozimika tulikuwa tumefanya jaribio. Hugues akaanza kulalamika kama mteja, zamu yangu ikafika, nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kila kitu nakijua, Soumaya, nakiona kimeandikwa kichwani. Lakini ni muda mrefu sijaongea na mtu zaidi ya kuuliza bei ya nyanya. Nikazima kamera, nikasema ni mtandao.

Kwenye hilo la mdomo wewe utanishinda. Nimekwambia kwa sababu wewe ndiye niliye naye. Mama asijue.

Houda


Buyenzi, Bujumbura
2 Juni 2024

Dada yangu,

Nianze na aibu. Barua ilipokuja tulikuwa wote uani. Nikafungua na kuanza kwa sauti kama kawaida: "Acha kusoma kwa sauti. Hii usiwasomee." Mama akasema, "Endelea." Mjomba akatazama viatu vyake. Amissi, ambaye hana haya, akasema, "Soma, mwana, tuko famille." Nikainuka, nikaingia chumba cha nyuma, nikafunga. Ni mara ya kwanza mlango ule umefanya kazi.

Nililia kwa ajili yako. Kisha nikafika pale pa mtihani wa mdomo, na Houda, nikafurahi. Nilifurahi kweli. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilijiona nimekaa kwenye kiti cha Mjomba, nimeweka mguu juu ya mguu, nampungia mkono Hugues. Chai ikaisha, kiti kikabaki kile kile cha ngozi iliyopasuka, na wewe ukabaki Ujiji. Nikakasirika, kwanza na Moubarak, halafu na wewe kwa kunipa ushindi kwa njia hii. Nataka kukushinda ukiwa na sauti.

Basi sikiliza, na usibishe. Sikumwambia Mama lolote la Moubarak. Nilimwambia tu Houda ana mtihani wa kuongea na anahitaji mteja wa kufanyia mazoezi. Usiulize alivyofurahi. Ameshachagua mzigo wake: kontena mbili za mchele, zimekwama Kigoma, na arusi ya mwanawe ni Jumamosi. Mwana yupi sijui. Anasema hatakuonea huruma.

Inabidi urudishe WhatsApp, simu ya kawaida kuvuka mpaka itatufilisi. Najua unaogopa nini. Ukishaiweka, kabla hujaangalia kitu kingine, nenda kwenye status, shikilia kidole juu ya jina lake mpaka patokee pa kunyamazisha, umnyamazishe. Usimfute, mnyamazishe. Atabaki humo na ndege wake na wewe hutamwona.

Mimi pia nimerudi jikoni. Pamba nimetupa. Namweleza Mama masomo tena huku anakaanga, na bwana wa ngano kontena yake imetoka, mwambie mtu wa kwenu akitaka kujua. Nikikosea Mama anajua kabla yangu, kwa sababu jana nilisema kingine. Hugues amenitaka niandike mpango mpya. Nimeandika: "Nitasoma kwa kusema. Mahali ni jikoni. Saa ni Mama anapokaanga. Nitajipima kwa kumwangalia usoni." Ameukubali, ila ameuliza kama Mama naye amejiandikisha.

Siku utakayoirudisha nitapiga baada ya alasiri, saa yetu, si yenu. Pokea simu.

Soumaya


Ujiji, Kigoma
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Sasa tunaongea kwa simu kila siku, lakini hili nalitaka kwenye karatasi.

Siku ya kwanza Mama alinifokea kuhusu mchele mpaka nikasahau kwamba ni mchezo. Nikamjibu kwa ukali, naye akasema, "We mutoto, ndio unaongea na mukubwa hivo? Mi napeleka mizigo kwa mutu mwingine!" Nikacheka. Sauti ikatoka na kicheko, halafu ikaendelea. Nikamweleza vibali, nikamweleza bima, nikamwahidi mchele utawahi arusi.

Ulipotoka kwenda kumfungulia Mjomba mlango, akaacha kuwa mteja. Hakuniuliza kuhusu Moubarak. Aliuliza kitu kimoja, polepole: "Kwa meza munakulaka wangapi?" Nikasema, mmoja. Akasema, "Haya," akarudi kwenye mchele wake.

Mtihani ni wiki ijayo. Soumaya, usijiangushe kwa ajili yangu. Nakujua, una moyo wa kujificha nyuma ya mdomo. Ukijibu vibaya kwa makusudi nitajua, na sitakikalia hicho kiti.

Houda


Buyenzi, Bujumbura
21 Julai 2024

Dada Houda,

Mjomba hakohoi leo, amesahau. Mama anafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Sisi wazima.

Nukta yako imewaka kijani na yangu pia, kwa hiyo najua umeyaona matokeo kama sisi. Nakuandikia hata hivyo, ili uwe na barua ya kusoma kwa sauti.

Sikujiangusha. Naapa. Nilipigana na Hugues kwenye mtihani wa mdomo mpaka akasahau kwamba yeye ndiye mteja, akaanza kuniuliza habari za gari lake lililoko forodhani kweli. Mdomo nimekushinda, tena kwa mbali. Lakini ule wa kuandika umenikalia juu, na ukijumlisha yote wewe ni wa kwanza na mimi ni wa pili, na kati yetu hapana nafasi hata ya kupitisha karatasi. Nimefaulu. Ningefurahi sana kama usingekuwepo.

Mjomba ni mtu wa neno lake. Jana alituita mimi na Mama, akatoa funguo za ofisi, akaziweka juu ya meza mbele yangu na kusema, "Hizi za Houda. Umpelekee habari we mwenyewe." Nilizitazama. Zina kile kipande cha mpira nilichozifungia mimi ili zisipotee. Nikaenda chumbani na sikufunga mlango kwa sababu nilitaka Mama aje, na akaja.

Kiti ni chako basi. Lakini yafahamu haya kabla hujakikalia. Mguu wa kushoto unacheza, usiegemee. Yule mteja wa sukari ukimwona anacheka, hesabu mihuri. Na watu wakiingia watauliza kwanza "Soumaya yuko wapi?", si wewe, na hilo nitalifurahia kila siku mbele ya macho yako. Mjomba amesema kuna mahali pa meza ya pili karibu na dirisha. Siitaki kwa huruma. Nimeipima, inaingia.

Mama hajauliza chochote kuhusu Ujiji. Amenunua tu kitanda cha pili cha chumba cha nyuma, akamwambia Amissi atoboe dirisha upande wa gereji kwa ajili ya ule unyevu. Amissi ametoboa kubwa mno. Kelele zote zinaingia humo sasa. Na ameambiwa asizizoee tena zile sambusa zilizoungua.

Kwa watu wa mtaa tumesema Houda amepata kazi bandarini. Si uongo.

Ilyasi atakungoja na boti ya saruji, na amekubali kubeba begi, ingawa anasema yeye habebi vitu vya watu zaidi ya barua. Usinunue kitenge huko. Tutachagua hapa, na tutajua ni cha nani.

Bado nina wivu, Houda, usidhani umekwisha. Umenila mchana kutwa tangu jana. Lakini kukuonea wivu kwa mbali nimechoka, kila nikikuonea nakosea ninachokionea. Njoo nikuonee hapa nyumbani.

Mdogo wako,
Soumaya